chrysopygus: silabi ngapi, mkazo uko wapi, na "pyg" maana yake nini?

Karatasi_ya_Msitu aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Kuna karatasi ya mafunzo inaandaliwa kwa waongozaji wa wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Mmoja wa wanyama waliomo ni yule sange mkubwa mwenye makalio ya manjano kama dhahabu, ambaye wengine humwita njule. Jina lake la kisayansi ni *Rhynchocyon chrysopygus*, na hilo jina la pili ndilo linalosumbua. Linasikika kwa namna nne:

krai-so-PAI-gas
kri-SO-pi-gus
kri-so-PI-gus
ki-ri-so-pi-GU-si

Naomba msaada kwa mambo haya: silabi zake zinakatwaje, mkazo unakaa wapi na kwa sheria ipi (sheria yenyewe, maana orodha ina majina mengine mengi ya aina hii), neno limeundwa kwa vipande gani, na kwa nini kwenye wanyama wengine mwisho wake ni -pyga badala ya -pygus.

---

kamusi_mezani alijibu:

Mkuu, shika hiyo ya tatu. Silabi nne, chry-so-py-gus, mkazo kwenye py.

Majina ya kisayansi ya wanyama, hata yale yaliyotoka Kigiriki, huvikwa umbo la Kilatini na husomwa kwa sheria ya mkazo ya Kilatini. Sheria hiyo hutazama silabi moja tu, ile ya pili kutoka mwisho. Ikiwa nzito, mkazo unakaa hapo. Ikiwa nyepesi, mkazo unarudi nyuma hatua moja, kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, na hauendi nyuma zaidi ya hapo hata neno liwe refu namna gani. Neno la silabi mbili mkazo wake uko kwenye ya kwanza.

Silabi huwa nzito kwa mojawapo ya sababu tatu: irabu yake ni ndefu, au ina irabu mbili zinazotamkwa kama moja (ae, oe, au), au imefungwa na konsonanti.

Kwa hiyo kwanza ujue kukata. Konsonanti moja ikiwa kati ya irabu mbili, huenda na irabu inayofuata. Zikiwa mbili, hugawana, moja nyuma na moja mbele. Isipokuwa ile ya pili ikiwa r au l na imetanguliwa na kipasuo (p, b, t, d, k, g), hapo zote mbili huenda mbele pamoja. Herufi ch, ph, th na rh huhesabiwa konsonanti moja, kwa sababu katika Kigiriki kila moja ni herufi moja. x ni konsonanti mbili, k na s.

Tukate sasa. Chr- inaanza neno, y ni irabu: chry. S ni moja, inakwenda mbele: so. P ni moja: py. G ni moja: gus. Umeona kwamba py imebaki wazi, hakuna konsonanti iliyoifunga, na haina irabu mbili. Basi jambo lote linategemea swali moja: y hiyo ni ndefu au fupi?

Tahajia ya Kilatini haikwambii. Lazima urudi kwenye Kigiriki. Neno ni πυγή, pygē, yaani makalio, na y yake ni ndefu. Kamusi nzuri za Kigiriki huiwekea kistari juu, πῡγή. Warumi wenyewe walilichukua neno hili likawa pyga au puga, na irabu ilibaki ndefu. Basi py ni nzito na mkazo ni wake.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Herufi η na ω za Kigiriki ni ndefu siku zote, ε na ο ni fupi siku zote. Hizo ukiona umemaliza kazi. Lakini α, ι na υ zinaweza kuwa ndefu au fupi, na huwezi kukisia. Fungua kamusi.

Miisho unayokutana nayo mara kwa mara haizidi kumi na kitu, ni bora kuikariri mara moja:

-pterus, -ptera (pteron, bawa): e ni fupi, mkazo unarudi nyuma. *Phoenicopterus*, heroe, ni phoe-ni-COP-te-rus.
-podus (pod-, mguu): o ni fupi. bra-CHY-po-dus.
-cephalus (kephalē, kichwa): a ni fupi. chry-so-CE-pha-lus.
-stomus (stoma, kinywa): o ni fupi. chry-SOS-to-mus.
-notus (nōton, mgongo): ō ni ndefu. e-ry-thro-NO-tus.
-urus (oura, mkia): ou ya Kigiriki imekuwa u ndefu. leu-CU-rus.
-rhynchus (rhynchos, pua ndefu au mdomo wa ndege): imefungwa na n. ma-cro-RHYN-chus.
-gaster (gastēr, tumbo): imefungwa na s. chry-so-GAS-ter.
-pygus: ndefu, kama tulivyoona.

---

Silabi_na_Shadda alijibu:

Naongeza upande wa mdomo wa Mswahili, kwa sababu waongozaji hao hawatasoma Kigiriki, watatamka.

Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ila hakijali kama ni nzito au nyepesi. Ndiyo maana kwenye *chrysopygus* Mswahili anapatia bila kufundishwa. Msifurahie mapema. Anapatia kwa bahati, kwa sheria isiyo ya neno hilo, na jina linalofuata kwenye orodha litamwangusha. Atasema foe-ni-kop-TE-rus kwa uhakika uleule.

Mfano mzuri tunao kanisani. Mtakatifu Yohane Krisostomo, "mwenye kinywa cha dhahabu", jina lake lina chrys- ileile ya njule wenu. Kwa Kilatini ni chry-SOS-to-mus, mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Sisi tunasema kri-so-STO-mo, kwa sheria yetu, na kwa Kiswahili hiyo ni sawa kabisa kwa sababu neno limeshakuwa letu. Jina la kisayansi halijawa letu, ni la watu wote wanaolitumia, kwa hiyo mkazo wake uachwe mahali pake.

Kumfundisha mtu kurudisha mkazo nyuma si kazi ngumu, maana masikio yetu yanao tayari. Barabára ni njia ya magari; barábara ni sawasawa, ipasavyo. Mwambie atamke barábara mara tatu, kisha bila kupumzika aseme foe-ni-KOP-te-rus. Mdomo unafuata.

Makosa ya kutamka ambayo ningeyaandika kwenye karatasi ni manne.

La kwanza ni ch. Hapa ni k, kama katika Kristo. Si ch ya chai.

La pili ni y. Kwetu y ni konsonanti, ya yai na yangu. Katika majina haya y ni irabu, inasimama peke yake kama kiini cha silabi. Itamke i. Mtu akiichukulia kuwa konsonanti anaishiwa irabu na anaanza kubuni.

La tatu ndilo linalovunja mkazo: kuongeza irabu mwishoni. Kiswahili hakipendi neno liishie na s, ndiyo maana hata "basi" la abiria lina i. Mtu akisema pigusi ameongeza silabi moja, na mkazo wa Kiswahili unaruka mara moja kwenda gu: kri-so-pi-GU-si. Ile namna ya nne uliyoiandika imezaliwa hivyo. Tiba yake ni kufunga neno kwa s fupi isiyo na sauti nyuma yake, gus, na kuishika ulimi ukiwa palepale.

La nne ni kuingiza i kati ya k na r, ki-ri. Hili haliharibu mkazo, ila linageuza silabi nne kuwa tano. Anayeweza kusema Kristo bila Kiristo anaweza kusema kri-.

---

Alfa_Omega alijibu:

Nakubali karibu yote, ila msiiseme kri-SO-pi-gus kana kwamba ni uzembe. Anayejua Kigiriki ana sababu. Maneno ambatani ya namna hii katika Kigiriki hurudisha mkazo nyuma. Sanamu mashuhuri ya Aphrodite huitwa Kallipygos, mwenye makalio mazuri, na Kigiriki huiandika Καλλίπυγος, alama ya mkazo ikiwa juu ya li na si juu ya py. Kwa mwendo huo chrysopygos ingekuwa χρυσόπυγος, kri-SO-pi-gos.

---

kamusi_mezani alijibu:

@Alfa_Omega ahsante, hiyo ni hoja ya kweli na inaeleza ile namna ya pili inatoka wapi. Kigiriki hutazama silabi ya mwisho: ikiwa fupi, mkazo unaruhusiwa kurudi hadi ya tatu. Kilatini hutazama ya pili kutoka mwisho. Ni sheria mbili tofauti, na zinapishana hasa kwenye maneno kama haya, yenye silabi ya pili ndefu na ya mwisho fupi. Kallípygos kwa Kigiriki, callipýgus kwa Kilatini.

Jina la mnyama likiishia -us limeshavaa nguo ya Kilatini, kwa hiyo linasomwa Kilatini. Tukifuata mkazo wa Kigiriki kwenye jina moja itabidi tuufuate kwenye yote, na nusu ya majina yaliyozoeleka duniani yatageuka. Niseme pia kwamba Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama hazina kifungu kinacholazimisha matamshi. Zinalinda tahajia, upatanisho na kipaumbele cha jina la kwanza. Matamshi yameachwa kwa desturi, na desturi ni ya Kilatini.

Kuhusu krai-so-PAI-gas: mkazo wake uko mahali sahihi. Tofauti ni ya irabu tu. Waingereza walipobadilisha irabu zao ndefu karne nyingi zilizopita waliyabadilisha na maneno ya Kilatini pamoja nazo, i ndefu ikawa ai. Mgeni wa Uingereza au Marekani akisema hivyo, mwongozaji asimsahihishe. Akubali na aendelee na kri-so-PI-gus yake. Wataelewana, kwa sababu sikio hushika mkazo kuliko linavyoshika irabu.

---

Karatasi_ya_Msitu aliuliza tena:

Nimewaelewa wakuu. Sasa jina la kwanza, *Rhynchocyon*, nalo linatamkwa kila namna. Na kuna ndugu zake wawili upande wa Tanzania, *R. udzungwensis* na *R. petersi*. Sheria ni ileile?

---

kamusi_mezani alijibu:

Ileile.

*Rhynchocyon* ni rhynchos, pua ndefu, na kyōn, mbwa. Silabi: rhyn-cho-cy-on, nne. Angalia cy-on: ni silabi mbili. Mswahili akiona "yo" anasoma kama katika "yote", anapata silabi tatu na mkazo unapotea. Silabi ya pili kutoka mwisho ni cy, iko wazi, na y ya kyōn ni fupi. Tena kuna kanuni ya jumla kwamba irabu inayofuatwa moja kwa moja na irabu nyingine huwa fupi, ingawa maneno kadhaa ya Kigiriki hayaifuati: museum ni mu-SE-um kwa sababu e yake imetoka kwenye ei ya Kigiriki. Basi cy ni nyepesi, mkazo unarudi: rhyn-CHO-cy-on. Kwa herufi zetu rin-KO-ki-on ukifuata Kilatini cha kale, au rin-KO-si-on ukifuata desturi ya Waingereza na Wafaransa ya kusoma c kama s mbele ya e, i na y. Chagueni moja kwa karatasi nzima. Kwa wageni wa pwani ningechagua rin-KO-si-on, ndiyo wanayoitambua.

Ukiyaweka pamoja, rin-KO-si-on kri-so-PI-gus, unasikia jina la kwanza mkazo umerudi nyuma na la pili umekaa karibu na mwisho. Kwa Mswahili hilo la kwanza ndilo la kufanyia mazoezi. La pili litakuja lenyewe.

*udzungwensis*: kila jina lenye -ensis, "wa mahali fulani", mkazo uko kwenye en, kwa sababu n imeifunga silabi. u-dzung-WEN-sis. *Anthus sokokensis*, ndege mdogo wa msitu huohuo wenu: so-ko-KEN-sis. Hili halina ubaguzi, likariri na ulisahau.

*petersi*, "wa Peters", limetokana na jina la mtaalamu wa wanyama Mjerumani, Wilhelm Peters. Kwa sheria ni pe-TER-si, r imefunga silabi. Wengi husema PE-ter-si ili jina la mtu libaki linatambulika, na kwa majina ya watu jambo hilo linakubalika. Mimi ningemfundisha mtu njia hiyo ya pili. Jina limewekwa kumtaja mtu, na mtu huyo aliitwa PE-ters.

---

Meza_ya_Mikusanyo alijibu:

Bado -pygus na -pyga hazijajibiwa, na hapo Mswahili ana faida kubwa kuliko Mwingereza.

*chrysopygus* ni kivumishi. Kivumishi cha Kilatini hupatana na jina linalokitangulia, kama vyetu vinavyopatana na ngeli: mtu mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri. Kilatini kina jinsia tatu za kisarufi, kwa hiyo kivumishi hiki kina sura tatu: chrysopygus kwa jenasi (kundi linalotajwa na jina la kwanza) ya kiume, chrysopyga kwa ya kike, chrysopygum kwa isiyo ya kiume wala ya kike. Jinsia hiyo ni ya neno, haihusiani na dume wala jike. *Rhynchocyon* huchukuliwa kuwa neno la kiume, ndiyo maana ya -us. *Oenanthe*, jenasi ya ndege wa nchi kavu, ni neno la kike, kwa hiyo yule wa jangwani mwenye makalio meupe ni *Oenanthe leucopyga*. Mkazo hausogei: leu-co-PY-ga.

Matokeo yake ni kwamba spishi ikihamishwa jenasi, herufi za mwisho hubadilika na haijakosewa. Mbwa mwitu wetu alipewa jina *Hyaena picta* na Temminck mwaka 1820, maana alidhaniwa ni fisi. Alipohamia *Lycaon*, neno la kiume, akawa *Lycaon pictus*. Tembo wetu, aliyepewa jina na Blumenbach mwaka 1797, alikuwa *Elephas africanus*. Leo ni *Loxodonta africana*. Mtu asiyejua hili huona vitabu viwili vinapingana na husahihisha kile kilicho sawa.

Ila si kila jina la pili ni kivumishi. Leo katika *Panthera leo* ni nomino, "simba", na nomino haibadiliki hata ihamishwe wapi. petersi nayo haibadiliki, ni "wa Peters". Vivumishi vya -ensis vina sura mbili tu: -ensis kwa kiume na kike, -ense kwa ile ya tatu.

Kwa maandishi ya karatasi: jina la kwanza lianze kwa herufi kubwa, la pili kwa ndogo hata likiwa limetokana na jina la mtu au mahali, yote mawili kwa herufi za mlazo. Ukishalitaja mara moja unaweza kufupisha *R. chrysopygus*. Mtunzi wa jina huandikwa kwa herufi za kawaida: *Rhynchocyon chrysopygus* Günther, 1881. Hakuna mabano, kwa sababu Günther alimweka kwenye jenasi hiihii alipo leo. Linganisha na kima mmoja mdogo wa Brazili, mweusi mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, *Leontopithecus chrysopygus* (Mikan, 1823): mabano yanasema Mikan alimweka kwenye jenasi nyingine. Na ndiyo, jina la pili ni lilelile neno kwa neno. Halikatazwi, maana jina kamili ni maneno mawili kwa pamoja.

Tahajia zinazokosewa: crysopygus (h imeachwa), chrisopygus na chrysopigus (y imegeuzwa i). h na y zote mbili ni ushahidi kwamba neno ni la Kigiriki, ukiziondoa unaondoa na njia ya kulitafuta kamusini. Mstari ukiisha katikati ya neno, kata chryso-pygus, kwenye kiungo cha vipande viwili. Chrys-opygus haifai.

---

Silabi_na_Shadda alijibu:

Hapo kwenye kukata neno pana jambo la kuangalia. Vipande vya maana na silabi si kitu kimoja. Kwenye *chrysopygus* vimelingana kwa sababu kipande cha pili kinaanza na konsonanti: chryso + pygus, chry-so + py-gus. Kikianza na irabu vinaachana. *Circus pygargus*, kipanga anayehamia kwetu kutoka kaskazini, jina lake la pili ni pyg- na argos, "-eupe, -a kung'aa". Maana inakata pyg + argus, mdomo unakata py-gar-gus, mkazo GAR kwa sababu r imeifunga. Ukitamka kwa kufuata maana, pig-AR-gus, umesimama mahali ambapo neno halisimami. leuc + urus vilevile: leu-CU-rus.

Kwa vipande vyenyewe, mkuu, andika hivi: chrys-, dhahabu, -o-, kiungo, pyg-, makalio, -us, kiambishi cha upatanisho. Na tafsiri isiwe "makalio ya dhahabu" tu. Ni "mwenye makalio ya dhahabu". Neno ambatani la namna hii halitaji kile kiungo cha mwili, linamtaja mwenye nacho. Tunayo kwetu: domokaya si aina ya domo, ni mtu asiyeweza kufunga domo lake.

chrys- yenyewe wasomaji wa Biblia wanaijua bila kujijua. Ufunuo 21:20, katika misingi ya mji, kuna krisolitho na krisopraso: jiwe la dhahabu, na jiwe lenye rangi ya dhahabu na ya majani ya liki. Waonyeshe hizo mbili, na Krisostomo ya tatu, hawatasahau maana ya kri-so-.

---

Alfa_Omega alijibu:

Tahadhari moja juu ya pyg-, maana imeshaingia kwenye maandishi ya watu. Kuna pygmaeus, "mdogo sana", kama *Pongo pygmaeus*, orangutani wa Borneo. Hiyo haina makalio. Imetoka kwa pygmē, ngumi, ambayo pia ilikuwa kipimo cha urefu kutoka kiwiko hadi vifundo vya vidole. Mtu akitafsiri chrysopygus kuwa "mbilikimo wa dhahabu" amechanganya hizo mbili, na sange huyu ni miongoni mwa wakubwa wa jamii yake, karibu nusu kilo.

Namna ya kuzitenganisha ni kutazama kinachofuata g. Ikifuatwa na m, ni ngumi, na g inafunga silabi: pyg-MAE-us. Ikifuatwa na irabu, karibu kila mara ni makalio, na g inahamia mbele: py-gus. Penguini wa jenasi *Pygoscelis* ni "miguu ya makalioni", kwa jinsi miguu yao ilivyokaa nyuma: py-GOS-ce-lis, e ya skelos ni fupi. Uropygium ni lile tako la kuku lenye tezi ya mafuta anayojipaka manyoyani kwa mdomo: u-ro-PY-gi-um. Pygidium, pande la mwisho la mwili wa wadudu: py-GI-di-um. Hapo mkazo umeondoka kwenye py kwa sababu silabi zimeongezeka nyuma yake. Urefu wa irabu peke yake hautoshi kuvuta mkazo kama silabi imekaa mbali na mwisho.

---

Karatasi_ya_Msitu alijibu:

Shukrani nyingi wakuu. Mstari utakaoingia kwenye karatasi ni huu, naomba mtu aukague:

*Rhynchocyon chrysopygus* Günther, 1881. Tamka: rin-KO-si-on kri-so-PI-gus (s ya mwisho isifuatwe na irabu). Maana: mbwa mwenye pua ndefu na makalio ya dhahabu. Vipande: rhyncho- pua ndefu, cyon mbwa, chryso- dhahabu, pygus makalio.

---

Meza_ya_Mikusanyo alijibu:

Matamshi sawa. Rekebisha viwili.

Vipande: "pygus" siyo makalio. pyg- ndiyo makalio, -us ni upatanisho. Ukiviacha vimeshikana, mwongozaji akikutana na leucopyga atadhani ni neno jingine.

Maana: usiyaunganishe majina mawili kuwa sentensi moja. La kwanza ni nomino na la pili kivumishi kinacholisifu, kwa hiyo andika "*Rhynchocyon*: mbwa-pua-ndefu, *chrysopygus*: mwenye makalio ya dhahabu". Na ongeza kwamba "mbwa" ni la jina tu, mnyama huyu si wa jamii ya mbwa. Kama nafasi inatosha, weka pia kwamba ngozi iliyo chini ya hayo manyoya ya manjano ni nene kuliko ile ya katikati ya mgongo, hasa kwa madume. Mgeni akishasikia maana ya jina atauliza makalio hayo yana kazi gani.